Ua la Uani

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwaonyesha wanafunzi wetu kwamba neno *ua* lina nyuso kadhaa. Liko ua la bustani, ambalo wingi wake ni maua, uko ua wa nyumba, ambao wingi wake ni nyua, tena kiko kitendo kile kibaya cha kuua, ambacho amri yake hutamkwa vivyo hivyo: "Ua!" Mwanafunzi wa pwani hapati taabu na maneno haya, kwani aliyanyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Mwanafunzi wa huku kwetu Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, hana budi kushikwa mkono na ngeli: *ua hili*, *ua huu*. Katika makala haya nakusudia kuyazungumza maneno yote matatu kwa pamoja, kwa sababu yote matatu yalipata kukutana nyumbani kwangu Kabale, penye kichaka kimoja cha maua ya njano nilichokipanda mwaka 2014.

Nianze na kichaka chenyewe. Jina lake la kitaalamu ni *Euryops pectinatus*, na asili yake ni miteremko ya mawe ya Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini. Ni mmea usiopukutisha majani. Masika na kiangazi huukuta umevaa nguo ile ile. Kimo chake hufikia mita 1, na ukistawi sana mita 1.5. Majani yake yamechanika mfano wa meno ya kitana, na hiyo ndiyo maana ya neno *pectinatus* katika Kilatini. Tena yamefunikwa manyoya laini sana yanayoyapa rangi ya kijivu, utadhani yamepakwa majivu ya jikoni. Juu ya majani hayo husimama vikonyo virefu vyembamba, na kila kikonyo huchukua ua moja la njano lenye upana wa kiasi cha sentimita 5. Huku kwetu, karibu na ikweta, ambako hatuna majira ya theluji, kichaka hiki huchanua karibu mwaka mzima.

Nimesema "ua moja", nami nimefuata desturi ya macho tu. Ukweli ni kwamba ua hilo ni mkutano wa maua mengi. Kila kile tunachokidhania kuwa ni petali moja pembeni ni ua zima, lenye sehemu zake za uzazi. Na kile kitovu cha njano kilichoko katikati ni maua madogo madogo kwa makumi, yaliyosongamana bega kwa bega juu ya kitako kimoja. Siku moja niliwagawia wanafunzi wa kidato cha pili ua moja moja, nikawaambia wahesabu. Mmoja alipata maua 13 ya pembeni, mwenziwe 14, na hakuna aliyeweza kuyamaliza ya katikati. Ndipo msichana mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, basi tuseme *ua hili* au *maua haya*?" Nililipenda swali lile kuliko majibu mengi niliyopata kusahihisha. Nilimjibu kwamba lugha huhesabu kile kinachoonekana kuwa kitu kimoja mbele ya macho na matumizi ya watu. Ndiyo maana twasema *msitu huu* ingawa miti ni elfu, na *umati huu* ingawa watu hawana idadi. Mtaalamu wa mimea ana hesabu yake, na msemaji ana yake, na kila mmoja ana haki nyumbani kwake.

Ukoo wa mmea huu ni mkubwa ajabu. Una aina zaidi ya 20,000 duniani. Humo mna alizeti na saladi. Mna pareto, ambayo wakulima wengi wa nyanda za juu wameijua kwa dawa yake ya kuua wadudu. Mna kishona nguo, gugu lile linalong'ang'ania suruali za watoto watokapo shule kwa njia za mkato. Mna na ule mti mchungu ambao Wakiga huuita *omubirizi* na Wanyarwanda *umubirizi*, ambao majani yake wazee huyatwanga kwa ajili ya homa. Kwa hiyo mtu wa huku anapokitazama kichaka changu na kusema ni mgeni, huwa amesema nusu ya kweli. Mwenyewe ni mgeni, lakini jamaa zake walikwisha kujenga hapa tangu zamani.

Kwa wale watakaopenda kuupanda katika viwanja vya shule zao, nieleze kwa ufupi namna ya kuutunza, kwani mmea huu hautaki makuu. Mbegu si lazima. Kata kipandikizi cha urefu wa kiasi cha sentimita 10 kutoka katika tawi ambalo si changa mno wala halijawa gumu kama kuni. Ondoa majani ya chini, acha machache ya kileleni, na usiache ua wala tumba, maana kipandikizi chenye ua hutumia nguvu zake kujipamba kabla hakijapata miguu. Kichomeke katika kopo lenye matundu chini, lililojazwa mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi. Kiweke kivulini, maji kidogo kidogo. Baada ya majuma kadhaa, ukikivuta taratibu kikakataa kutoka, jua kwamba kimekwisha kushika mizizi.

Ukikihamisha, kipe mahali penye jua kutwa. Kivulini hurefuka shingo, hulala upande, na maua huwa haba. Udongo uwe ni ule usiotuama maji. Huku kwetu, ambako mvua za masika na za vuli hunyesha kwa uzito, mimi hukipanda juu ya tuta, kwa kuwa mizizi yake huvumilia kiu kuliko inavyovumilia matope. Samadi isizidi, kikilishwa sana hunenepa majani na kusahau kuchanua. Maua yakinyauka yakate pamoja na vikonyo vyake, na kila mwaka pogoa kichaka kiasi cha theluthi ili kibaki cha mviringo. Baada ya miaka kadhaa shina huwa la kuni na katikati hubaki uwazi; hapo usikisikitikie, bali chukua vipandikizi vipya uanze tena. Kichaka nilicho nacho leo ni mtoto wa kile nilichokipanda mwaka 2014.

Ugumu niliokutana nao haukuwa wa kilimo. Ulikuwa wa jina. Wanafunzi waliniuliza kichaka kile huitwaje kwa Kiswahili, nami nikafungua kamusi nilizo nazo, moja baada ya nyingine, bila kuliona jina. Nikajiuliza sababu. Watu wa pwani si maskini wa majina ya maua. Wanayo asumini, waridi, kilua, mkadi, langilangi, rehani. Ukiyapanga majina hayo utaona yana jambo moja linaloyaunganisha: yote ni ya vitu vinukiavyo. Ni maua na majani ya kutungwa kikuba, ya kuwekwa kifuani na nyweleni, ya kutandazwa kitandani mwa maharusi. Lugha hutaja kile ambacho watu wake wanakishughulikia. Kichaka changu hakinukii. Uzuri wake wote umo machoni. Isitoshe, hupenda nyanda za baridi kuliko joto la Mombasa na Unguja. Basi nani angekipa jina kule? Kazi hiyo ilitungojea sisi wa milimani, ambao Kiswahili kimetufikia tukiwa na maua yetu, na majina yetu, na kumbukumbu zetu.

Na hapo ndipo ninapofikia ua wa pili, yaani ua wa nyumba.

Ua wangu unapakana na ua wa mama mmoja mzee ambaye sote mtaani humwita Kaaka, yaani bibi katika lugha ya Kikiga. Nyumba anayokaa ni ya marehemu baba yake. Nilipohamia hapo alinipokea vizuri, akaniletea viazi na kuni za siku ya kwanza. Lakini alipopata habari kwamba kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, aliniambia kwa utulivu, kwa Kikiga, maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, wewe nakupenda. Lugha hiyo usiilete ndani ya ua wangu."

Wenzangu mliozoea kufundisha Uganda mnaijua habari hii. Mara ngapi tumeambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi? Tangu siku za kikosi cha wakoloni cha King's African Rifles kilikuwa lugha ya amri jeshini, na katika miaka ya utawala wa kijeshi, kuanzia 1971 hadi 1979, wananchi wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka katika vinywa vya watu wenye bunduki. Sisi walimu tuna jibu letu tulilolikariri: kwamba hiyo ni dhana potofu, kwamba lugha haina hatia, kwamba kuna mashairi na hekima na biashara. Jibu hilo ni la kweli. Lakini kwa Kaaka halikufaa kitu, maana yeye hakuwa na dhana. Alikuwa na usiku mmoja wa mwaka 1977.

Habari hiyo alinisimulia mwenyewe, baada ya miaka mitatu ya ujirani. Usiku huo watu walikuja wakamchukua kaka yake kutoka katika ua huo huo. Yeye, akiwa msichana bado, alikuwa amejificha nyuma ya ghala la mtama, naye aliyasikia yote yaliyosemwa. Hakujua Kiswahili. Hata hivyo maneno yale yalimkaa, akayahifadhi kwa zaidi ya miaka 40 bila kujua maana ya baadhi yake: *toka*, *lala chini*, *kimya*. Lilikuwamo pia neno fupi moja ambalo mtu mmoja alilisema na mwingine akalikataa, na ambalo Kaaka alikuwa hajapata kumwuliza mtu maana yake. Akanitamkia. Lilikuwa ni *ua*.

Sikuwa na la kusema. Nilimweleza maana yake, kwa kuwa aliitaka; na kwa kuwa yule wa pili alikataa, nilimweleza hilo pia. Kaka yake hakurudi, wala kaburi lake halijulikani.

Baada ya kuisikia habari hiyo nilifikiri sana juu ya wanafunzi wangu, ambao kila Jumamosi walikuwa wakija nyumbani kwangu kwa mazoezi ya mazungumzo. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba Kaaka alikuwa akifunga mlango wake wafikapo. Hakupata kulalamika hata siku moja. Nilihamisha mabenchi hadi upande wa pili wa nyumba, nikawaomba vijana wapunguze sauti, nami sikuwaambia sababu, kwani habari haikuwa yangu.

Kichaka hakikuhamishika. Nilikuwa nimekipanda kando ya ua wa matete uliotutenga, kwa kuwa ndipo palipokuwa na jua, na kwa mwaka wa nne matawi yake yalikuwa yamevuka upande wa pili. Nilikwenda kumwomba Kaaka ruhusa ya kuyakata. Nilimkuta amesimama mbele yake asubuhi, ameshika ua moja kwa vidole viwili bila kulichuma. Akasema kwa Kikiga, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Eriisho ry'eizooba."

Nikamwambia, "Hata kwetu tungesema hivyo hivyo, Kaaka. *Jicho la jua*."

Akanigeukia. Akaniomba niseme tena, nikasema. Akaligawa mwenyewe kwa ulimi wake, *jicho*, *eriisho*, kisha *jua*, *eizooba*, akiyapima kama mtu apimaye maharage sokoni. Halafu akasema, "Kumbe lugha ile nayo ina macho."

Matawi sikuyakata. Juma lililofuata alinijia mwenyewe kuomba kipandikizi. Nilimpa vitatu; akavipanda nyuma ya nyumba, mahali lilipokuwapo ghala la mtama. Sikumwuliza kwa nini. Viwili vilioza kwa mvua, na kimoja kimekuwa kichaka kikubwa kuliko changu.

Nisingependa msomaji adhani kwamba Kaaka amejifunza Kiswahili. Hajajifunza, na sitazamii atajifunza. Ana haki yake. Lakini siku za Jumamosi mlango wake hukaa wazi, na vijana wapitapo huwaita waje kuchukua ndizi. Wao humsalimu kwa Kikiga, kama nilivyowaagiza, na adabu hiyo nayo ni sehemu ya somo langu.

Kwetu sisi walimu, nadhani jambo hilo linastahili kufikiriwa. Kiswahili kimepewa heshima nyingi za kisheria siku hizi. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Na mwezi Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hayo yote ni mema, na tunayafurahia. Hata hivyo, sheria hufungua mlango wa darasa tu. Mlango wa ua wa mtu hufunguliwa na mwenyewe, kutoka ndani, tena kwa wakati wake.

Nami nimejifunza njia moja ya kubisha hodi. Badala ya kuanza na mambo ambayo Kiswahili kitawapa watu, siku hizi naanza na yale ambayo wanayo tayari. Mwanzoni mwa mwaka huandika ubaoni neno *jicho*, na wanafunzi huyaleta ya kwao: *eriisho* ya Kikiga, *eriiso* ya Kiganda, *ijisho* ya Kinyarwanda. Huandika *jua*, nao huleta *eizooba* na *izuba*. Kabla ya kengele kulia ubao umejaa, na yule aliyeingia darasani akiogopa lugha ngeni hutoka akiwa amekutana na binamu. Hatulazimiki kuficha kwamba katika ukoo huo yamo pia maneno yaliyowahi kutumika vibaya. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini babu yake hapendi Kiswahili, humjibu kweli, na humwambia amheshimu babu yake.

Jambo la mwisho ni jina. Baadaye nilipotafuta asili ya majina ya maua ya jamii hii, nilishangaa. Waingereza ua la namna hii huliita kwa neno ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya "jicho la siku", kwa kuwa lile la kwao hufumba usiku na kufumbua asubuhi. Mtaalamu wa Kifaransa Henri Cassini, aliyefariki mwaka 1832, alipoipa jamii ya kichaka changu jina la *Euryops*, aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la upana na moja la jicho. Na Kaaka, ambaye hakusoma Kiyunani wala Kiingereza, alisimama asubuhi moja Kabale akaona jicho vilevile. Makaburu wa kule Rasi peke yao ndio walioliacha jicho; wao walitazama utomvu wa shina, wakakiita kichaka cha ulimbo.

Tena si kweli kwamba jamii hii ilikosa kufika kwetu kabla ya bustani za Wazungu. Juu katika Mlima Elgon huota *Euryops elgonensis*, na juu katika Kilimanjaro huota *Euryops dacrydioides*, penye baridi ambapo hakuna mkono wa mtu ulioipanda. Huenda wapandaji na wachungaji wa milima hiyo wana majina yao, nao hawakuulizwa.

Kwa hiyo napendekeza kwa walimu wenzangu jina *jicho-la-jua*, na wingi wake *macho-ya-jua*. Sililazimishi. Mwenye jina bora kutoka Mbale, Moshi, Gisenyi, Bukavu au Ngozi na alilete katika kurasa hizi, pamoja na lugha alikolitoa na mtu aliyemfundisha, ikiwa mtu huyo ameridhia kutajwa. Na atakayetaka vipandikizi na aje kabla ya mvua za Septemba. Makopo ninayo, na mchanga upo.